Kilichokuwa Ndani ya Ekzosi

Gari lilikuwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni mwa Bedan, lakini taa ya injini kwenye dashibodi iliendelea kuwaka. Fundi mwenye akili angeshtuka. Bedan, mjuaji wa gereji moja pale Ruiru, barabara ya Mwiki, alisema ni waya tu.

Mwenye gari, Wangeci, alisimama kando na bintiye Kui, wa miaka sita, aliyejiziba pua.

"Fundi, hii gari inanuka mayai mabovu. Huyu mtoto ako na pumu, akipanda tu anatapika. Mafundi wawili wamezima hiyo taa na mashine, na inarudi. Tafadhali nitafutie shida yenyewe."

"Toa wasiwasi, Mama Kui. Saa nane kuja uichukue."

Mashine ya kupimia gari ilisema kichujio cha moshi kimekufa, yaani ule mkebe wa chuma katikati ya ekzosi, wenye masega ndani. Ulihitajika mwingine. Sasa hapa ndipo ninapowachukia watu wa aina ya Bedan. Masega ya zamani yana madini ya bei, na wanunuzi wake huzunguka gereji na magunia, basi fundi anaukata mkebe, anauza masega, anachomelea bomba tupu, kisha anaidanganya kompyuta ya gari ili taa ilale. Mwenye gari hajui lolote.

Akaingia chini ya gari na grainda ya kukatia chuma.

Harufu ya mayai ikageuka kuwa ya nyama iliyosahaulika kwenye sufuria wiki nzima. Odhiambo, aliyekuwa akibadilisha breki za gari la pili, akajiziba mdomo.

"Bedan, wacha hiyo kitu," alinong'ona. "Naisikia ikipumua."

"Ni joto inatoka."

"Joto gani, na gari imelala hapa tangu asubuhi?"

Bedan akakata. Mkebe ukamwangukia kifuani ukapasuka, na ndani hamkuwa na masega hata kidogo, mlikuwa na donge la ute wa kijivu lenye nywele na vijino vya maziwa vilivyosagana polepole, na ute ukamtiririkia shingoni, ukamwingia mdomoni alipotaka kupiga kelele, ukiwa na utamu wa maziwa yaliyochacha, huku donge likijivuta juu ya uso wake, likipapasa midomo, likipapasa macho, mpaka likalipata bomba lililokatwa, likajisukuma humo na kutokomea ndani ya gari.

Alitapika hadi nyongo.

"Mwambie huyo mama," Odhiambo alisema.

"Nimwambie nini? Ati nilikuwa nakata masega yake?"

Mshenzi yule akanawa uso, akachomelea bomba tupu, akaizima taa.

Wangeci alipokuja alifurahi. "Ai! Hata harufu imeisha! Mungu akubariki, fundi."

Kui alikwama mlangoni. "Mami, kuna mtu kwa kiti yangu."

"Wacha mchezo, tunachelewa Thika," mamake akasema, akamfunga mkanda. Bedan aligeuka, akaanza kukusanya spana zake.

Nusu saa baadaye aibu ilimzidi, akampigia Wangeci simu. Ilipokelewa, na mtu akakohoa kohozi zito sikioni mwake.

"Mama Kui? Simamisha gari! Mtoe mtoto!"

"Mama anaendesha," sauti ya mtoto ikajibu taratibu. "Kui hawezi kuongea. Nimeingia ndani yake, fundi. Humu ni laini kuliko ile chuma."