Vitone vya Pembeni

Duka la kompyuta lilifurika watu, na yule mtafiti wa chuo alikuwa ameikumbatia skrini mpya kama mtoto mchanga. Alivaa gauni la kijani, miwani imemteremkia puani. Mara, puu! Kijana akampamia ubavuni.

"Kaka, huoni?"

"Samahani, dada yangu. Umetokea wapi?"

"Nitokee wapi? Nimesimama hapa hapa!"

Kijana akacheka mpaka mtafiti naye akacheka. Kijana huyo alikuwa fundi wa kompyuta, shati lake jeupe limepigwa pasi likapigika. Akambebea skrini mpaka kwenye teksi, akaomba namba, akapewa. Basi, mapenzi hayo yakashika kama moto wa makuti. Kijana akawa "Fundi wangu", na mtafiti akaitwa "Profesa", ingawa uprofesa wenyewe ulikuwa mbali bado.

Mtafiti alipopewa chumba cha majaribio, nani tena wa kumwekea programu? Jaribio halikuwa gumu kueleza. Mtu anaketi mbele ya skrini, anakazia macho alama ya kujumlisha iliyo katikati. Vitone vinamulika huku na huku. Akiona kitone anabonyeza kitufe, ila macho asiyahamishe. Hapo inajulikana jicho linafika wapi na akili inashika nini.

"Profesa, kazi imekwisha," Fundi akapiga simu. "Njoo unipe busu langu."

"Kwanza niione kazi."

"Mwanamke huyu! Hata la mkopo hakuna?"

Akaja, akaketi, akajaribu. Vitone vyote vimerundikana katikati! Damu ikamchemka.

"Nani kakwambia uvisogeze?"

"Pembeni havikutokea, mpenzi. Nimejaribu mwenyewe asubuhi nzima. Programu ilikuwa na kasoro, nimeirekebisha."

"Umeiharibu! Watu wanakuja kesho kupimwa. Ulikuwa unachezea simu wewe, hukutazama."

"Mimi? Nimekodoa macho mpaka yakatoa machozi kwa ajili yako, halafu unaniita mzembe?"

Fundi akabeba mkoba wake, bega likagonga mlango, akaenda zake. Simu akawa hapokei.

Mtafiti akabaki na hasira zake, akavirudisha vitone mahali pake, kimoja kimoja. Kisha akajipima. Akakiona cha kushoto kabisa. Cha kulia kabisa. Cha juu, cha chini, vyote. Akarudia, akaviona vyote tena.

Kidole kikamganda juu ya kitufe. Kama programu ilikuwa nzima tangu mwanzo, mbovu ni nini?

Akampigia mama yake Fundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmegombana, najua. Yuko hapa kanuna kama mtoto kanyimwa sukari."

"Mama, huwa anagonga vitu? Milango, watu?"

Sauti ya mama ikaja imechoka. "Baba yake alianza hivyo hivyo, mwanangu. Mwisho nikawa namshika mkono hata kwenda bafuni."

Mtafiti na Fundi wakaenda hospitali wote wawili. Daktari wa macho alisema polepole: kilichopotea pembeni mwa macho hakirudi. Kuna dawa ya matone, huenda ikakishikilia kilichobaki. Kwa muda gani, hakusema.

Wakakaa kwenye benchi la ukumbini.

"Nisamehe nilivyokuita mzembe."

"Achana nayo." Fundi alitazama mbele. "Mwezi ujao nilitaka nije na mama kwenu, kuposa."

"Basi njooni."

"Nije kukuletea mzigo wa kushikwa mkono?"

Programu ikigoma mtafiti alijua aanzie wapi. Huyu wa kwake angemfungua wapi, amrekebishe nini? Machozi yakamtiririka kimya kimya, miwani ikajaa ukungu.

"Mbona umenyamaza?" Fundi akauliza. "Upo?"

Moyo ukampasuka. Ameketi ubavuni kwake, nguo zimegusana, naye anaulizwa kama yupo!

Akainuka, akazunguka, akachuchumaa mbele yake, uso kwa uso. Fundi akamtazama sana, kama mtu anayekariri.

"Umelia mpaka pua imevimba, Profesa."

"Sema utakuja."

"Na ikifika siku nisikuone hata hapo ulipo?"

"Sijui," akasema mtafiti. "Wallahi sijui, mpenzi. Sema utakuja."

Watu wakapita na makaratasi yao, muuguzi akaita jina la mgonjwa mwingine.

"Nitakuja," akasema Fundi, na hakuthubutu kupepesa macho.