Ijumaa za Fundi Thabit

Asubuhi ya Ijumaa soko la Mawaleh, hapa Maskati, halina adabu. Makuli wanasukumana, magari yanarudi nyuma bila kuangalia, wauzaji wanapaza sauti kwa lugha tano, na harufu ya nanaa na vitunguu inakuingia mpaka kwenye nywele. Katikati ya vurugu hiyo, Januari ya mwaka 2004, Bupe alikuwa anagombana na toroli.

Msichana wa Tukuyu huyu, mwenye meno meupe na macho makubwa, alivaa gauni la kitenge cha kijani lenye mikono mirefu, mtandio umemteleza mpaka mabegani. Kwenye toroli kulikuwa na matikiti manne na gunia la ndimu. Mbele yake ngazi tatu. Akavuta, likagoma. Akavuta tena, tikiti moja likataka kumwangukia. Akalipiga teke.

"Dada, aki usilipige! Hilo toroli lina heshima zake."

Akageuka. Kijana mrefu, fulana ya bluu yenye doa la mafuta kifuani, bisibisi imechungulia mfukoni, anacheka.

"Heshima gani, chuma hiki?"

"Hicho chuma kimetengenezwa na Fundi Thabit. Angalia, kila upande kuna magurudumu matatu. Sasa liinamishe kwako. Rudi nyuma pole pole. Usivute na hasira!"

Bupe akarudi nyuma. Magurudumu yakajizungusha yenyewe, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na matikiti hayakutikisika hata kidogo.

"Makubwa!" Bupe akasema. Kisha akakumbuka kununa. "Wewe Mkenya, eti?"

"Umejuaje?"

"Unaamrisha. Hata pole hujanipa."

"Pole basi. Naitwa Tony, natoka Nakuru, natengeneza friji na viyoyozi Ruwi. Na huyo Fundi Thabit ndiye sababu napenda huu mji."

Basi akaanza kueleza, na Tony akianza kueleza jambo, kaa kitako. Fundi Thabit alikuwa Mmanga aliyezaliwa Unguja, akahamia Maskati miaka ya sabini na sanduku la vyombo vya kazi, hajakanyaga chuo hata siku moja. Akabuni hiki, akabuni kile, mpaka jina lake likajulikana kutoka Mutrah hadi Seeb. Alikufa mwaka 1998, lakini vitu vyake bado vinafanya kazi mjini, na Tony alikuwa na nia ya kuviona vyote, kimoja kimoja.

Bupe akashika kiuno. "Fundi Thabit mwenye ndevu za kuchongoka, jicho moja dogo?"

"Umemwona wapi?"

"Napangusa vumbi picha yake kila siku. Bibi ninayemfanyia kazi kule Hail, Bi Sayyida, huyo Fundi ni ami yake, ndugu wa baba yake."

Jamani, Tony nusura aangukie matikiti. Na mimi nasema, mapenzi yalianza hapo hapo, hata kama kila mmoja alijidanganya kwamba anazungumzia mashine.

Huku Wakristo wanasali Ijumaa, maana Jumapili ni siku ya kazi. Basi kila Ijumaa wakitoka kanisani Ruwi, Bupe na Tony walikuwa wanachukua teksi ya rangi ya chungwa na nyeupe, wanakwenda kumtafuta Fundi Thabit.

Ijumaa ya kwanza ilikuwa Mutrah, kwenye duka la halua nyuma ya soko. Halua ya Kiomani hukorogwa kwa saa nyingi bila kupumzika, na zamani ilikuwa kazi ya kuvunja mabega ya wanaume. Fundi Thabit alitengeneza mkono wa chuma unaozunguka ndani ya sufuria, na ukifika pembeni unajigeuza kukwangua chini isiungue. Walisimama mbele yake wote wawili, zafarani na samli vinawapanda puani, jasho linawatoka. Mwenye duka akawapa halua ya moto kwenye kijikaratasi. Bupe akaungua ulimi.

"Puliza kwanza, mama," Tony akamwambia.

"Nipulizie wewe."

Alisema kwa utani. Tony akapuliza kweli, na Bupe akajikuta anaangalia ukutani.

Ijumaa nyingine walikwenda Seeb, kwenye bustani ya mitende, kuona pampu inayogonga kengele yenyewe tangi likijaa. Nyingine wakaona feni ya msikitini inayovuta upepo juu ya maji, ingawa waliitazama kwa dirisha tu, Bupe amejifunika vizuri mtandio mweupe, Tony amempa kisogo ili amcheke bila kuonekana. Kati ya Ijumaa na Ijumaa kulikuwa na simu.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula kuku ya kuchoma, lakini haina ladha. Nimekumiss, Bupe."

"Muongo. Jana tu tulikuwa wote."

"Jana ni mbali, laazizi. Wewe hujui."

Naye Bupe alijua vizuri sana. Akikata simu alibaki jikoni ameibana kifuani, akiangalia mlango kana kwamba Tony angetokea na bisibisi yake. Alimpenda. Alimpenda mpaka akikaanga samaki anasahau chumvi, na Bi Sayyida, mwanamke mzima wa miaka sabini, akawa anachungulia sahani na kuguna.

"Huyo kijana wako katutoa ladha nyumba nzima," bibi alimwambia siku moja. "Hebu mlete nimwone."

Akaletwa. Akanywa kahawa vikombe saba kwa kutojua kwamba ukishatosheka unatikisa kikombe. Kila akikirudisha anajaziwa. Bi Sayyida alicheka mpaka machozi, kisha akamwuliza anachotaka kwa Fundi Thabit.

"Bado kitu kimoja tu, bibi. Karakana yake ya Bustan. Nasikia imefungwa."

"Ufunguo nnao mie. Siku mkinambia mna neno la maana, ntakupeni. Lakini si kwa kuchezea."

Tony akaelewa. Wiki ile ile akanunua pete nyembamba ya dhahabu, akaificha ndani ya soksi.

Sasa sikilizeni walivyoharibu.

Mwezi wa Mei mkataba wa Bupe ulitimia miaka miwili. Ukitimia, kafili, yaani mwajiri anayekuleta, anakupa likizo, na ukirudi unaanza mingine miwili. Bupe aliamua kwenda Tukuyu kumwambia baba yake kuhusu Tony. Na nyinyi mliozaliwa kwetu mnajua: safari haitangazwi. Unaondoka kimya kimya, watu wanakusikia umeshafika, kwa sababu kijicho kipo na mambo yakisemwa mapema yanaharibika. Mama yake alimlea hivyo, bibi yake alimlea mama yake hivyo. Tena safari yenyewe ilikuwa ya posa! Bupe akaapa hatamwambia Tony mpaka arudi na jibu mdomoni. Akamwomba Bi Sayyida naye asiseme.

"Ijumaa hizi sitatoka, mpenzi," alimwambia Tony kwenye simu. "Bibi ana wageni wengi kutoka Unguja. Na simu yangu mbovu, usihangaike ikikosekana."

"Wageni wa siku ngapi?"

"Wachache tu. Wewe tulia."

Kesho yake akapanda ndege.

Siku ya nne Tony akaitwa ofisini, akapewa karatasi: asaini miaka miwili mingine au aondoke mwisho wa mwezi. Alitaka kumwuliza Bupe. Simu haipatikani. Akangoja Ijumaa moja, ya pili ikamshinda, akapiga simu ya nyumbani Hail. Ikapokelewa na Mahbuba, mke wa mjukuu wa Bi Sayyida, aliyekuja kumwangalia bibi.

"Bupe? Bupe kasafiri, karudi kwao."

"Kwao wapi?"

"Kwao Tanzania. Wiki mbili sasa."

"Na wageni je? Wageni kutoka Unguja?"

"Wageni gani, kaka? Hapa nipo mie na bibi tu."

"Atarudi?"

"Mie sijui. Mie nimeshikilia kazi."

Tony akaketi juu ya friji bovu alilokuwa analitengeneza. Kwao Nakuru mtu akisafiri watu humwombea, humsindikiza mpaka stendi, hupiga picha. Anayeondoka kimya ni anayekimbia. Nani angemweleza vingine? Bi Sayyida alikuwa amelala mchana ule, na hata angekuwa macho, alikuwa amepewa siri na siri kwake ni amana. Tony akaenda Mutrah peke yake, akanunua halua, akashindwa kuimeza. Mkono wa chuma unazunguka, yeye anatazama, anajiambia nimeachwa, nimeachwa, nimeachwa. Mwisho wa wiki akarudisha karatasi bila saini.

Bupe akarudi Alhamisi. Hata begi hakufungua.

"Tony! Nimerudi, mpenzi wangu! Nina habari!"

Tony akauliza pole pole:

"Wageni wa Unguja wameondoka?"

"Tony, nisikilize..."

"Nisikilize wewe. Visa yangu imeshafutwa. Nafasi yangu amepewa mtu mwingine. Jumapili naenda Nairobi. Ungeniambia tu hunitaki, Bupe. Mimi si mtoto. Ningeumia lakini ningejua."

"Nani kasema sikutaki? Nilikwenda kwa ajili yako!"

"Kwa ajili yangu ukanidanganya?"

Akakata. Bupe akapiga mara sita. Mara ya saba Bi Sayyida akamnyang'anya simu, Tony akapokea.

"We Tony, nnakwambia kitu kimoja. Kesho saa tisa uwepo Bustan. Usipokuja ntakuja kukufata Ruwi na fimbo yangu. Khalas, yamekwisha."

Bustan ni kijiji; ukipita hoteli kubwa ya pwani, unakikuta kimejikunja kati ya milima na bahari. Karakana ya Fundi Thabit ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bluu uliobanduka rangi. Bupe alifika kwanza, amevaa gauni jeupe na kilemba cha njano, amefungua mlango kwa ufunguo wa bibi, ameketi kizingitini. Tony akaja amenyoa, macho mekundu.

"Baba yangu kasema ndiyo," Bupe akamwambia kabla hajaketi. "Nusu ya ndiyo. Nilikwenda kukusemea. Kwetu safari hatuitangazi, Tony, na ya jambo kubwa ndiyo kabisa. Niliogopa nikisema litaharibika."

"Sasa ona ambavyo halijaharibika!"

"Nimeona! Unadhani sioni?" Akalia, kilio cha kweli, cha kutoa kamasi. "Nilitaka nikuletee kitu kizuri. Nimekuletea hiki."

Hasira zikamwisha Tony pale pale. Akapiga magoti kwenye vumbi, akamfuta uso kwa mkono wa shati.

"Nilidhani umenikimbia. Nikaogopa kungoja. Na mimi nimekosa, ningengoja hata siku kumi. Nusu nyingine ya ndiyo iko wapi?"

"Baba anasema hatoi binti kwa picha. Anataka akuone kwa macho yake, ulale kwake, ule kwake."

"Mimi naondoka kesho kutwa."

"Na mimi nimeanza miaka miwili. Bibi kasema ataniachia nikitaka. Lakini Mahbuba ana mimba ya shida na bibi hawezi hata kujifungia kanga peke yake. Amenitunza kama mwanawe. Siwezi kumwacha hivi."

"Hata mimi nisingekupenda ungemwacha hivi."

Nyuma yao palikuwa na meza ya vyombo, jiliwa kubwa la kubania vyuma, mashine tatu zilizofunikwa maturubai. Miezi mitano Tony aliitamani karakana ile. Hakugeuza shingo hata mara moja. Alitoa soksi mfukoni, akatoa pete ndani ya soksi.

"Unaniposa na soksi?" Bupe akauliza, bado analia.

"Ni safi, aki. Bupe, nitakwenda kwenu. Nitakwenda nikiwa sina wewe wa kunionyesha njia, nimwone mzee. Akinikubali, utaningoja?"

"Wewe ndiye utakayeningoja, mjinga wewe."

Jumapili Bupe alimsindikiza uwanja wa ndege wa Seeb. Hawakuweza hata kukumbatiana mbele za watu. Wakashikana mikono kama wafanyabiashara, wakashindwa kuachana mpaka askari akakohoa.

Agosti, siku ya kazi, adhuhuri, joto la kupasua kichwa. Bupe yuko jikoni Hail, wali uko motoni. Simu ikalia, namba ya nyumbani Tukuyu.

"Bupe." Ilikuwa sauti ya baba yake, nzito, isiyozoea simu. "Huyu kijana wako ameshuka hapa juzi na mvua. Amelowa, ana matope mpaka magotini. Ameitengeneza redio yangu kabla sijamwuliza jina."

"Ndiyo, baba."

"Anaongea sana."

"Ndiyo, baba, anaongea."

"Nimemwuliza kama anataka nimpe wewe. Ananiambia mimi, mzee mzima, kwamba jibu langu hatalichukua mpaka kwanza nikuulize wewe. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo nyumbani kwangu. Basi nakuuliza. Unamtaka?"

Kwao binti hamwambii baba yake maneno hayo. Hujificha nyuma ya shangazi, huinama, hunong'ona. Bupe alitazama mlangoni, Bi Sayyida amesimama na fimbo yake, amefunga mdomo kwa kanga. Kati yake na Tukuyu kulikuwa na bahari nzima.

"Nampenda, baba!" akapiga kelele. "Nampenda! Namtaka! Mwambie nampenda!"

Baba yake akacheka, kicheko ambacho Bupe hakuwa amekisikia tangu mama yake afariki.

"Mwambie mwenyewe, mimi naona aibu. Nimempa."

Simu ikabadilishwa mikono.

"Nimesikia," Tony akasema. "Mpaka majirani wamesikia. Niko kwenu, Bupe. Nimekaa kwenye kiti ulichokuwa unakalia kusoma, baba yako amenionyesha. Kila kitu chako kipo hapa isipokuwa wewe."

"Bado mwaka mmoja na miezi kumi," Bupe akasema.

"Najua."

"Ni mwingi, Tony."

"Ni mwingi sana, mke wangu."

Laini ikakatika. Bupe akabaki na simu sikioni, wali umeanza kunuka kuungua, na Bi Sayyida akaja taratibu, akazima jiko mwenyewe.