Wote Walimuuliza Jini

Kitanda kilikuwa na joto. Mwikali alirudi chumbani mwake Shella adhuhuri ile, akafungua kufuli kwa ufunguo wake mwenyewe, akaweka mkono kwenye godoro, na upande wa ukutani palikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Dirisha lilikuwa limefungwa. Chumba kizima kilinuka nguo mbichi zilizosahauliwa ndani ya ndoo, harufu aliyoijua vizuri, maana kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hoteli moja ya watalii hapo Malindi, tangu alfajiri hadi jua la utosi. Akajiambia ni uchovu. Akajilaza kidogo, na alipozinduka adhana ya alasiri ilikuwa ikisikika, naye alikuwa amesimama katikati ya chumba, viatu miguuni.

Yule asiyeonekana akazidi kusogea. Saa ambayo Shella nzima hufunga madirisha ikalala, Mwikali alisikia mtu akipumua pamoja naye. Akivuta pumzi, naye anavuta. Akiizuia, yule anaendelea. Kisha saa zake zikaanza kupotea. Alizinduka alasiri, baadaye akawa anazinduka magharibi, halafu siku moja akazinduka kesho yake asubuhi yuko kazini, mikono ndani ya maji ya sabuni, asijue amefikaje. Wenzake walikuwa wamemkodolea macho.

"Ulikuwa ukisema kwa sauti ya kiume," Easter alimnong'oneza. Huyu alikuwa msichana wa Kigiriama aliyefua naye karai moja. "Ulisema, 'Karibu nitahamia mzima mzima.' Mwikali, ni nani huyo ahamiaye?"

Mwikali alitoa mikono majini. Alikuwa amekwisha kuelewa. Siku yule mgeni atakapoishika siku nzima, yeye hatarudi tena.

Basi akatafuta tiba, na hapa lazima nikasirike kidogo, maana hadithi hii ina watu wa kukasirikiwa. Mshahara wa kufua mashuka mnaujua. Wa kwanza, fundi mmoja wa mjini, alimfukiza ubani, akamwandikia kombe la aya alioshe na kulinywa, akamwambia jini, "Sema, wataka nini?" Jini akajibu kwa kinywa cha Mwikali kwamba anataka marashi na pete ya fedha. Mwikali akanunua. Wa pili, Kitsao, aliyetoka pande za Rabai na ngoma zake, alipiga mpaka vumbi likafunika taa, akauliza, "Wataka nini, bwana mkubwa?" Bwana mkubwa akataka kuku mweusi na kitambaa chekundu. Mwikali akauza redio. Wa tatu alikuwa mchungaji Laban, mtu wa bara kama yeye, aliyemshika kichwa kwa mikono miwili akakitikisa kama nazi anayotaka kujua kama ina maji. Naye pia akapaza sauti, "Pepo mchafu, taja unachotaka!" Pepo akataja.

Kila alipopewa alitulia siku chache, kisha akarudi amenenepa. Na wale waganga? Kila mmoja alikuwa na haraka ya kwenda kwa mgonjwa mwingine. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuuliza hali.

"Nimekuwa duka lake," Mwikali alimwambia Easter, akisokota shuka kwa hasira hadi maji yakawarukia wote wawili. "Anaingia, anaagiza, mimi nalipa. Sinunui tena. Hata sindano hapati."

"Yuko bibi mmoja Matsangoni," Easter alisema polepole. "Hawe Kabibi, yaani Nyanya Kabibi. Lakini watu hawampendi. Wasema ni mwingi wa maneno na tiba yake haiishi."

"Anatoza nini?"

"Kazi."

Jumamosi, siku yake ya mapumziko, Mwikali alishuka barabarani Matsangoni, akaelekezwa hadi kwenye banda ambalo ajuza mwembamba, tumbaku shavuni, alikuwa ameketi juu ya kigoda akishona makuti ya kuezekea.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba. Keti uanze kushona. Ukishona ovyo nitakufumulisha."

Mwikali alishona, akaeleza yote. Ajuza hakuchoma ubani wala hakumwita jini. Alitema tumbaku pembeni, akasema, "Simtoi kwa siku moja. Hakuingia kwa siku moja. Utakuja kila Jumamosi, na sikwambii mpaka lini, kwa sababu sijui. Sasa niambie. Wewe wataka nini?"

"Anataka..."

"Sikukuuliza yeye. Nimekuuliza wewe, Mwikali."

Mwikali aliweka kuti chini. Machozi yalimtoka kabla ya jibu. Alikuwa amechoka kuwa kinywa cha mwingine, na hakuwa ameijua hasira yake ilivyo kubwa mpaka mtu alipoigusa. Mwisho alisema, "Nataka kulala mchana na kuamka mwenyewe."

"Haya. Tutaanzia hapo," Kabibi alisema. "Na hilo kuti umelikunja vibaya."

Akawa anaenda kila Jumamosi. Kuna siku walizungumza juu ya marehemu mama yake kule Machakos, kuna siku juu ya mume aliyemwacha bila kuaga, kuna siku wakagombana wakashona kimya. Lakini zile saa zilianza kurudi. Akawa anazinduka magharibi, kisha alasiri tena, na adhuhuri moja hakupotea kabisa. Alilala macho wazi, jasho likimtiririka, akisikia pumzi ya mwingine ikihema kwa kwikwi.

Ndipo yule akaongea ndani ya sikio lake, taratibu, kwa upole. "Nitaondoka. Leo hii, bila kitu. Sharti moja tu, usirudi Matsangoni."

Mwikali alicheka. "Mwenye nguvu hambembelezi mfua nguo," alisema. "Jumamosi nitakwenda, na wewe ukitaka njoo."

Wote wawili walikwenda kweli.

Jumamosi hiyo Mwikali alipoingia bandani, Kabibi alikuwa ameketi kigodani amempa mgongo, makuti yamelala miguuni pake hayajaguswa. "Karibu, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Anataka nini leo?"

Mwikali alisimama kizingitini, na ile harufu ya nguo mbichi ikampanda puani, ikamshuka kooni, na akaona kwamba mgongo ule ulikuwa unapanda na kushuka sawasawa na kifua chake mwenyewe, akivuta pumzi nao unavuta, akiizuia nao unaendelea, na shingo ikaanza kugeuka polepole, ikageuka kupita pale shingo ya mtu inapokomea, mpaka uso uliomwelekea juu ya mabega ya ajuza ukawa uso wake yeye, Mwikali, macho yamefumbwa, midomo ikicheka.

Miguu ilitaka kukimbia. Hakuiruhusu.

"Kabibi hajawahi kuniuliza hivyo," alisema. "Mimi ndiye ninayetaka. Nataka adhuhuri yangu. Nataka kinywa changu. Nataka Jumamosi zangu zote. Na nataka utoke kwenye kiti cha mwenyewe!"

Uso ule ulifumbua macho, na ndani hamkuwa na kitu. Kisha kigoda kikaanguka, na banda likawa tupu.

Kabibi wa kweli aliingia akitoka kisimani, ndoo kichwani. "Wapigia nani kelele nyumbani mwangu?"

"Alikuwa amekaa hapo. Amejifanya wewe."

Ajuza alikitazama kigoda kwa muda, akarudi nyuma hatua moja, na Mwikali akaona kwamba hata yeye alikuwa na hofu. Kisha akakiinua, akakifuta kwa upindo wa leso, akakikalia. "Alidhani wanitambua kwa sura, si kwa maneno yangu," alisema. "Mjinga. Shona."

Walishona. Jua lilipofika utosini, Mwikali akahisi ulimi wake ukiwa mzito, na ile sauti ya kiume ikatoka kinywani mwake, ndogo, ya chuki. "Kizee huyu hana miaka mingi. Mimi ninaweza kungoja. Akifa, utakwenda kwa nani?"

Kabibi aliacha kushona. Alimtazama Mwikali tu, akangoja.

Mwikali aliupigania ulimi wake mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akaurudisha, akautumia.

"Akifa nitamzika na kumlilia," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Halafu hapo alipokaa nitakaa mimi. Na wote uliowapanda, wewe na ndugu zako, watakuja kushona makuti na mimi."

Mwikali alivuta pumzi, akasikiliza. Hakuna aliyepumua ila wanawake wawili.