Swichi ya Upande wa Pili

Jumamosi ile jengo la maduka lilifurika watu hadi mlangoni, na binti mmoja mtengeneza gemu alisimama karibu na ngazi za umeme akiwa amejiuma ulimi. Alivaa gauni la njano lililomkaa sawasawa, viatu vyeupe, na kilemba cha bluu alichokifunga kwa haraka lakini kikapendeza kuliko vile vya kupania. Mbele yake palikuwa na televisheni kubwa na rimoti mbili za kuchezea. Wapita njia walialikwa kujaribu gemu mpya ya kampuni yao, bure.

Kujiuma ulimi ilikuwa sehemu ya kazi. Mtu akijaribu hatua ya gemu uliyoitengeneza wewe, husemi neno. Humwambii ruka, humwambii pole, hata kukohoa kwa kusudi ni marufuku, kwa sababu ukimsaidia hutajua kama hatua inaeleweka yenyewe. Sheria hiyo ilimtesa binti huyu kuliko wenzake wote. Kwao walimwita Redio, na jina hilo hakulipata kwa kukaa kimya.

Ndipo akaja fundi wa makochi. Alikuwa ametoka kupeleka kiti kwenye duka la ghorofa ya pili, ovaroli yake ya kijani imejaa chembechembe za sponji, nyingine zimemkaa kwenye ndevu. Alishika rimoti kama mtu aliyekabidhiwa kuku wa jirani. Kijitu chake kikakimbia juu ya matofali mekundu, kikakanyaga swichi, na papo hapo hatua nzima ikageuka: matofali mekundu yakayeyuka, ya bluu yakachomoza kwingine, na kijitu kikatumbukia shimoni.

"He! Nani kaondoa barabara?" akauliza.

Watu wakacheka. Akarudia, akatumbukia tena.

"Dada, ni wewe uliyejenga hapa?"

Redio akaitikia kwa kichwa.

"Sasa mbona huniokoi? Mgeni wako anakufa huku."

Redio akauma ulimi zaidi.

"Basi nipe namba ya simu. Hiyo haimo kwenye gemu."

Redio akageukia ukutani, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Fundi hakukata tamaa. Alijaribu hivi, akajaribu vile, mwishowe akagundua kwamba ukishakanyaga swichi hukimbilii mbele. Unarudi nyuma, maana njia mpya imefunguka huko ulikotoka. Alipofika kwenye bendera alipiga ukelele mpaka mlinzi akaja kuangalia kulikoni. Ulimi wa Redio ukafunguliwa, na yale yote aliyoyameza tangu asubuhi yakamwagika kwa mpigo. Fundi alisikiliza mdomo wazi. Namba ya simu alipewa kabla hajaiomba mara ya pili.

Mapenzi yakashika moto. Simu zao hazikupoa.

"Laazizi, umeshindaje?"

"Vibaya. Nimepigilia kochi zima huku nakuwaza, misumari imekaa upande upande. Mteja akirudi kulalamika namtuma kwako."

"Mtume. Nitamwambia amekalia mapenzi."

"Ukimaliza kumwambia atakuwa amezeeka, Redio wangu."

"Ndevu hizo! Ngoja nije nizing'oe moja moja."

Fundi alikuwa na mama yake tu nyumbani, mama mcheshi mwenye miwani mizito, ambaye alipopewa rimoti kwa mara ya kwanza aliuliza kama inabadilisha na taarifa ya habari. Sasa alikuwa akicheza kuliko mwanawe, na akishinda alimsimanga hadi chakula kinapoa.

Kisha kampuni ikafungua ofisi katika mji mwingine, mbali, na Redio akachaguliwa kwenda kuongoza watengenezaji wa huko. Alifurahi akapiga vigelegele peke yake chooni. Alipotoka chooni akamkumbuka fundi, akarudi ndani akafunga mlango.

Alimweleza siku ile ile. Fundi alimkumbatia, akampongeza kwa moyo wote, halafu akauliza taratibu, "Na sisi je?"

"Nitakujibu," alisema Redio. "Nakuandalia jibu."

Jibu alikuwa nalo tayari: alitaka waende wote, waoane. Lakini shangazi yake alikuwa amemwonya. "Mwanamume hafuati gauni, mwanangu. Mwanamume hufuatwa. Ukimwomba akufuate atakuona umempanda kichwani." Basi msemaji huyo, anayeweza kuongea na ukuta mpaka ukachoka, akashindwa kusema neno dogo la "twende".

Akakimbilia anachokijua. Alitengeneza hatua ya watu wawili, kijitu cha njano na kijitu cha kijani. Kuna shimo pana katikati na swichi moja upande huu. Wa kijani anasimama juu ya swichi, matofali yanajitokeza yakawa daraja, na wa njano anavuka. Wa kijani hawezi kumfuata, kwani akiinua mguu tu daraja linapotea. Lakini ng'ambo ya pili wa njano anakuta swichi nyingine. Akiikanyaga, hatua nzima inageuka, daraja jingine linatokea, na wa kijani anavuka. Bendera ya mwisho inaguswa na wote wawili. Natangulia, kisha nakuvusha: ndiyo maana yake. Akamtumia fundi kwa ujumbe mfupi: *Jibu langu hilo. Cheza na mama.*

Jioni simu ikalia.

"Redio, huyu wa kijani anabaki?"

Moyo ukamruka kwa furaha, lakini mazoea ni mazoea. "Siwezi kukwambia, mpenzi. Cheza tu."

"Nimecheza. Tumecheza mpaka mama ameshikwa na mgongo. Hakuna njia."

"Wote husema hivyo."

"Kwa hiyo ndivyo ulivyopanga?"

"Ndivyo nilivyopanga!" alijibu kwa fahari.

"Haya. Usiku mwema."

Redio aliiweka simu chini akijisifu kwa kutommegea siri. Kesho yake akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena mchana, ikaita mpaka ikanyamaza yenyewe. Kufikia jioni tabasamu lilikuwa limemkauka, maneno ya shangazi yanamzunguka kichwani. Amekataa, aliwaza. Nimempanda kichwani.

Asubuhi iliyofuata simu ikaita, namba ya mama wa fundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi si mtu wa kuingilia. Lakini nina swali moja, halafu nikae kimya. Kwenye ile gemu, mimi ndiye nilikuwa wa njano. Nikavuka vizuri, mwanangu nimemwacha kule kasimama kama mlingoti. Nikatafuta cha kukanyaga nimrudie, hakuna. Ukuta mtupu na bendera. Sasa mtu akishavuka kwako, ndiyo amesahau alikotoka?"

"Mama, swichi ipo! Iko pale karibu na bendera, nyekundu, kubwa!"

"Macho yangu mabovu, lakini si mabovu kiasi hicho."

Redio akafungua kompyuta. Akatazama faili alilotuma. Lilikuwa la asubuhi ya siku ile aliyotuma, kabla hajaiweka swichi ya upande wa pili. Lile kamili lilikuwa limekaa palepale pembeni, halijaenda kwa mtu yeyote. Alijipiga kibao cha paji la uso, akatoka mbio hata kilemba hakufunga.

Karakana ya fundi ilinukia gundi na mbao mpya. Alikuwa amepiga goti mbele ya kiti kidogo chenye kitambaa cha njano, misumari midogo midomoni, anapigilia. Akaitema kiganjani alipomwona.

"Karibu. Kiti chako kinakaribia. Utakaa nacho huko uendako."

"Nani kakwambia nataka kiti?"

"Mtu akiondoka hupewa kitu cha kumkumbusha alikotoka."

"Nilikosea faili!" Akamweleza yote, mkupuo mmoja, kuhusu daraja la pili na bendera ya watu wawili, mpaka pumzi ikamwishia.

Fundi alimsikiliza, lakini uso wake haukulainika mara moja. "Nilikuuliza, Redio. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Nilidhani hujaiona swichi. Nikanyamaza kama ninavyonyamaza kazini."

"Mimi hapo nilikuwa sichezi."

Neno hilo lilimwingia Redio mpaka ndani. Machozi yakamlengalenga, akayaacha.

"Nisamehe. Sikupaswa kukupa gemu, nilipaswa kukupa neno. Niliogopa, shangazi alinionya kwamba mwanamume hafuati gauni. Naongea kutwa, na lile moja la maana likanikwama kooni. Sasa nalitoa: twende wote. Nakupenda. Nataka unioe, na kama huwezi, basi nikuoe mimi, watu waseme watakavyosema. Makochi yanachakaa kila mji. Mama tutaenda naye akubali asikubali. Kama hutaki, niambie usoni."

Fundi alisimama, akajipangusa sponji magotini. "Na shangazi yako, anayesema mwanamume hafuati gauni?"

"Shangazi hajakuona kwenye ovaroli."

Kicheko kikamtoka fundi bila kujizuia, na kikamtoka kwa wingi, mpaka akashika meza. Akamvuta Redio, akamkumbatia, gundi na yote.

"Ningekufuata hata kwa miguu," alimwambia sikioni. "Nilikuwa nangoja kuitwa tu."

Wakasimama hivyo mpaka mteja mmoja akachungulia mlangoni, akaona si wakati wake, akaondoka. Kisha fundi akachukua koleo, akapiga goti tena mbele ya kiti, akaanza kuing'oa misumari mmoja mmoja.

"Unafanya nini? Kiti kizuri hicho!"

"Kizuri, lakini nilikitengeneza cha mtu mmoja. Njoo ushike kitambaa hapa, uvute."

Redio akakusanya gauni lake, akapiga goti kwenye sponji, akashika, akavuta.