Yoramu Hakuingia

Kila siku wakimaliza kufagia darasa, Gladness na wenzake walibaki shuleni kwao Chang'ombe kufanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Gladness aliigiza mama wa mtoto aliyeumwa na nyoka kwenye mashamba ya mpunga, Bahi. Mwishoni Yoramu, mwenzao aliyeigiza dereva wa bodaboda, huingia na kumpeleka mtoto hospitali.

"Siri ya mwisho wa mchezo isitoke nje ya chumba hiki," Mwalimu Devota aliwaonya.

Lakini Gladness hakuwa na kifua cha kuweka siri. Wakati wa uji aliwanong'oneza marafiki wawili tu. Kengele ya kwenda nyumbani ilipogongwa, shule nzima ilikwishajua.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Gladness alipiga magoti kando ya mtoto, akalia, "Jamani, nisaidieni!"

"Tulia mama, Yoramu anakuja!" mwanafunzi mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. Watoto wakaangua kicheko.

Gladness aliona aibu. Amlaumu nani? Akaharakisha kusema maneno ya kumwita Yoramu: "Nasikia pikipiki!"

Yoramu hakuingia.

"Nasikia pikipiki!" alirudia. Pazia halikutikisika. Kicheko kikafifia.

"Mbona haji?" mtu alinong'ona.

Gladness hakuwa na maneno mengine. Hakujua afanye nini wala akimbilie wapi. Alimkumbatia mtoto, machozi ya kweli yakamtoka. "Usilale, mwanangu. Usilale."

Bibi mmoja wa mstari wa mbele alishindwa kuvumilia, akasimama. "Mbebeni jamani! Mtoto anakufa!"

Hapo ndipo Yoramu alipoingia mbio, na ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Baadaye Gladness alimfuata mwalimu wake. "Mwalimu, nisamehe. Mimi ndiye niliyetoa siri ya mwisho."

"Najua. Ndiyo maana nilimshika Yoramu shati nyuma ya pazia."

Yoramu alionyesha shati lake. Vifungo viwili vilikuwa vimeng'oka.

"Nilidhani nitazimia pale, mwalimu!" Gladness alisema.

"Pole, mwanangu. Lakini watu hukaa kimya katikati ya mchezo kwa sababu hawajui kama mtoto atapona. Wewe uliwaondolea hofu hiyo kabla hawajaketi, kisha wenzako wote wakachekwa pamoja nawe. Leo shati la Yoramu limetuokoa. Siku nyingine huenda kusiwe na shati la kushika. Ukiaminiwa neno, Gladness, hiyo ni amana. Itunze mpaka mwenyewe aitake."