Viroba Vitano vya Ndeshi

"Viazi vyangu vitapasua viroba! Mtakuja kuviazima mfanye vigoda," Ndeshi aliwatangazia wenzake wa darasa la sita.

"Basi niletee kimoja Jumatatu, nikikalie," alijibu Derick wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa mtu wa kuacha neno lipite bure.

Kwa kweli, ungeyaona majani ungemwamini. Nyumbani kwao Kimandolu, nyuma ya jiko, viroba vitano vilisimama kando ya ukuta, majani yamefurika hadi chini kama uji uliochemka bila mwangalizi. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Ndeshi alivimwagilia maji na kuvisalimia kimoja kimoja.

Marando aliyopanda, yaani vile vipande vya mashina ambavyo ndivyo mbegu ya kiazi kitamu, yalitoka kijijini Kikwe kwa Bibi Pudensiana. Bibi alilima viazi hivyo tangu alipoolewa, mpaka mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili na shamba likalala.

"Mbegu hii alinipa mama yangu," Bibi alimwambia siku ya kumkabidhi. "Sasa ni zamu yako. Kila kiroba konzi moja ya samadi, mkono ukijaa, basi. Usiniulie mbegu, mama."

Konzi moja? Ndeshi alipiga hesabu zake. Kama konzi inasaidia, ndoo nzima si itafanya miujiza? Akaenda kwa jirani yao Saruni, mfuga ng'ombe, akabeba ndoo tano.

Miezi minne ikapita. Bibi akaja mjini kufanyiwa upasuaji wa jicho moja, akawa analala kwao akiwa amefungwa bandeji. Ikakubaliwa kwamba viazi vivunwe Jumamosi, Bibi mwenyewe achimbe.

Alhamisi jioni Ndeshi akaona achungulie kidogo. Akazamisha mkono kwenye kiroba cha kwanza: vijizizi. Cha pili: vijizizi. Cha tano akagusa kitu chembamba kama kidole cha mtoto mchanga, nacho kikamkatikia mkononi. Atamwambia nini Bibi?

Ijumaa alipotoka shule alipitia gengeni kwa Mama Brenda, akanunua viazi, akanyata hadi nyuma ya jiko. Bibi alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Bandeji imetoka, miwani nyeusi imeingia. Ndeshi akadhani wamebadilisha kifuniko tu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama. Unafanya nini huko?"

"Natifua udongo."

"Tifua, mama, tifua."

Jumamosi asubuhi Bibi alikunja mikono ya gauni, akachimba. Akatoa kiazi cha kwanza, akakipapasa. "Jamani! Hiki kimezaliwa kimeshaogeshwa!" Akatoa cha pili. "Na hiki kimenyauka mkia tumboni mwa mama yake." Alipotoa cha tatu, akakiweka shavuni. "Mama yangu angekuwepo, angekubariki."

Hapo Ndeshi akashindwa. "Bibi, si vya mbegu yake! Nimevinunua gengeni. Vyetu havikuzaa. Mbegu yako nimeiua, na Derick anangoja kigoda chake cha kiazi, atanicheka..." Mengine yakamezwa na kilio.

Bibi akamvuta kifuani. "Samadi uliweka kiasi gani?"

"Ndoo."

"Ndoo moja kwa viroba vyote?"

"Kila kiroba na ya kwake."

Bibi akacheka mpaka kigoda kikalia. "Umekilisha kiazi mpaka kikasahau kazi! Kikishiba hivyo huota majani tu, hakina habari na mzizi. Lakini mbegu haijafa, mama, imenenepa. Leo tunachuma haya majani, matembele, tuyapike kwa karanga, mashina tunayakata, tunayapanda upya kwenye udongo mpya. Konzi moja moja!"

Kisha akamfuta machozi kwa kiganja chenye udongo. "Sikiliza. Kiazi chembamba cha kweli ningekila kwa furaha. Kinono cha uongo kinanikwama kooni. Jumatatu mwambie Derick ukweli. Atacheka kutwa nzima, kesho yake atachoka. Uongo ndio usiochoka. Kila siku unataka umwagiliwe maji."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa hiyo ulizika hivi vitatu tu?"

"Vitatu tu," Ndeshi akajibu, upesi kidogo.

Bibi akavua miwani taratibu. "Na kile kikubwa cha kiroba cha pembeni, ulichokifuta kwa sketi ya shule? Au hicho ndicho kigoda cha Derick?"

Ndeshi akainua uso. Jicho la Bibi, ambalo kwa miaka miwili lilikuwa kama limemwagiwa maziwa, sasa lilikuwa jeusi, linang'aa, na lilikuwa likimtazama yeye.

"Jana asubuhi daktari alinifungua. Nikamwambia mama yako anyamaze, nikushangaze. Kumbe mwenye maajabu ni wewe." Bibi akatabasamu. "Kakichimbue, tukipike na vyenzake. Halafu njoo hapa karibu, nione umerefuka kiasi gani."