Sauti ya Bibi Kisa

Tusekile alipenda kupepeta mchele huku akimsikiliza mama yake. Mama huyo, Bibi Kisa, alifariki mwaka jana. Lakini sauti yake ilibaki kwenye tovuti ya wakulima wa mpunga wa Bujonde, ikieleza jinsi ya kutunza mbegu. Basi simu ya Tusekile ilipojaa picha, aliifuta nakala ya sauti ile iliyokuwamo. Wasiwasi wa nini? Si iko mtandaoni?

Majuto ni mjukuu, jamani. Asubuhi moja tovuti haikufunguka. Kampuni iliyoihifadhi ikasema kompyuta yake imeungua, na nakala hawana. Tusekile aliweka ungo chini akalia. Aliona amemzika mama mara ya pili.

Jumamosi alikwenda kumweleza Andongwisye. Huyu alifanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, akitunza kompyuta kubwa zinazohifadhi tovuti za watu. Alipostaafu alirudi nyumbani Kyela. Kila Jumamosi hufundisha kompyuta bure katika chumba cha kanisa. Ulimi wake ni mkali kidogo, lakini hamnyimi mtu msaada.

"Pole sana, mama Prisca," alisema, akimwita Tusekile kwa jina la mwanawe. "Mtandao si mbinguni. Ni kompyuta ya mtu, imewekwa mahali. Huungua, huibwa, hulowa. Nakala nyingine iko wapi?"

"Sina, kaka."

"Na mbegu za mpunga unaweka wapi?"

"Nyingine darini kwangu, nyingine kwa dada Naomi, kule kijijini Ipyana. Maji yakiingia kwangu, za kwake zinabaki."

Andongwisye alitabasamu. "Kumbe akili unayo, umeinyima sauti tu. Huyo Naomi hukuwahi kumtumia?"

Hapo Tusekile akakumbuka jambo. Siku za msiba alimtumia. Alimpigia simu papo hapo. Naomi hutaniwa na ukoo mzima kwa kutofuta kitu kwenye simu yake. Siku hiyo hakuna aliyemcheka. Sauti alikuwa nayo.

Wakaiweka kwenye tovuti mpya. Nakala moja ikabaki kwenye simu ya Tusekile, nyingine kwenye flashi, na flashi ikapelekwa kwa Naomi.

"Usiziache hivyo," Andongwisye alionya. "Kila mwezi zifungue, usikilize. Mbegu usiyoijaribu utajuaje kama itaota?"

"Ndaga fijo, kaka," Tusekile alishukuru.

Masika yakaja. Maji yaliingia kwa Tusekile, yakachukua kuku na simu. Alisikitikia kuku tu. Maji yalipopungua alikwenda Ipyana kuchukua mbegu, akarudi na Naomi na ile flashi. Jumamosi waliifungua kwa Andongwisye, na wote watatu wakasogea kusikiliza.

Bibi Kisa alikohoa kidogo, kama kawaida yake, kisha akasema: "Wanangu, mbegu hailali nyumba moja."

"Alituambia kila mwaka," Naomi alisema.

Tusekile alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Na mimi nilikuwa napepeta tu."